Funga au Fungua? Kiswahili cha Orodha Teuzi katika Skrini za Kuongozea Mitambo

Mjadala kuhusu istilahi za Kiswahili aghalabu huishia katika vitabu na mitihani. Iko sehemu moja, hata hivyo, ambapo istilahi huweza kuamua usalama wa mkono wa mtu. Sehemu hiyo ni orodha fupi ya maneno ambayo mwendesha mtambo huchagua mojawapo katika skrini ya kuongozea mashine.

Utaratibu wa orodha hiyo ni mwepesi. Mtayarishaji wa programu huorodhesha hali zote ambazo kifaa kinaweza kuwa nazo, na kila hali huipa namba na neno. Mwendesha mtambo husogeza alama hadi kwenye neno analolitaka, kisha hubonyeza kitufe cha kuthibitisha. Kinachopelekwa kwenye kompyuta ya mtambo ni namba. Neno hubaki skrinini. Kwa hiyo mashine haiwezi kumsahihisha aliyelielewa neno visivyo. Maana yote imo baina ya mtayarishaji na msomaji wa orodha, watu ambao huenda wasionane kamwe.

Na achukuliwe, kwa mfano wa kubuni, kijana mzaliwa wa Mapera, wilayani Mbinga, aliyeajiriwa kuendesha mashine za kukoboa kahawa. Amekulia katika Kiswahili ambamo anayefunga bomba huyazuia maji, na anayefunga mlango huwazuia watu. Katika taaluma ya umeme, kinyume chake, sakiti iliyofungwa ndiyo inayopitisha umeme. Wala hapo si mwisho. Njia ya umeme ya kilovolti 220 kutoka Makambako hadi Songea, iliyozinduliwa mwaka 2019, iliuunganisha Mkoa wa Ruvuma na gridi ya taifa; na nyumba inapotiwa nyaya, watu husema kwamba imefungwa umeme, yaani umeme umeletwa. Neno moja, basi, huzuia, hupitisha na huweka. Mkanda wa mashine ukikwama, na mwenzake akitaka kuingiza mkono ili aunasue, kijana huyo akichagua "Funga" kwa maana ya nyumbani huenda akauruhusu umeme alionuia kuuzuia.

Sura ya maneno yenyewe huongeza hatari. Kauli ya kutendua, ambayo ni fahari ya mofolojia ya Kiswahili, hutenganisha "funga" na "fungua" kwa herufi moja tu. Katika skrini iliyofunikwa na vumbi la makapi ya kahawa, herufi hiyo ni ndogo mno kubebeshwa jukumu hilo.

Wapo watakaodai kwamba dawa ni kuiacha orodha katika Kiingereza. Dai hilo halina nguvu, kwa kuwa Kiingereza nacho hutumia kitenzi kimoja kwa valvu inayozuia maji na kwa swichi inayopitisha umeme. Wahandisi wameuzoea mgongano huo darasani, haujaondoka. Isitoshe, uwezo wa Kiswahili kuingia katika kompyuta ulikwisha kudhihirika mwaka 2004, Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kilipotoa Jambo OpenOffice. Tofauti ni kwamba katika programu ya ofisi neno likikosewa, barua huandikwa upya.

Lililo bora ni kutaja matokeo badala ya tendo: "Maji yanapita" na "Maji yamezuiwa", "Umeme umewashwa" na "Umeme umekatwa". Maneno hayo ni marefu zaidi, lakini hayafanani, na mzaliwa wa Mapera hahitaji kwanza kuuliza ni fundi wa tawi gani aliyeyaandika. Kabla ya kuwekwa mtamboni, yasomwe na watakaoyatumia, nao waeleze wanatarajia nini kitokee. Orodha nzuri haiondoi haja ya kuzima swichi kuu na kuitia kufuli kabla ya mkono kuingia mashineni. Lakini kufuli hulindwa na uamuzi wa mtu, na uamuzi huo huanza kwa neno alilolisoma. Ndiyo maana orodha ya maneno mawili nayo ni kazi ya mwanaleksikografia.