Misikhu: Ukifika, Fuata Kelele za Drafti

Msomaji mpenzi, ukisafiri kutoka Webuye kuelekea Kitale, usikubali kusinzia ndani ya matatu. Kabla hujafika Kamukuywa utapita Misikhu, kituo kidogo penye njia panda ya kwenda Naitiri. Shuka hapo. Nunua hindi la kuchoma, kisha ufuate kelele.

Kelele hizo zinatoka kwenye ubao wa drafti. Utaukuta kivulini, miraba 64 iliyopakwa rangi, na kete zake ni vifuniko vya chupa za soda: za huyu zimelala chali, za yule kifudifudi. Wachezaji ni wawili, lakini wanaocheza kwa mdomo hawana idadi: watu wa bodaboda, makanga, fundi cherehani, na mzee mmoja ambaye wote humwita Kuka, yaani babu.

Alasiri niliyofika, Kuka alikuwa amebanwa na kijana wa bodaboda. Msichana mwenye sare ya shule, karai la njugu mkononi, alichungulia akasema polepole, "Kuka, toa hiyo ya pembeni akule, halafu wewe utakula tatu."

Kicheko kikazuka. "Wewe uza njugu," akaambiwa. "Drafti si ya wasichana."

Kuka akasogeza kete nyingine. Haukupita muda, akafungwa.

Hapo nikawasimulia kisa hiki. Mwaka 1980, kampuni ya Atari ya Marekani ilitoa drafti ya kuchezwa kwenye televisheni, kwa mtambo wake ulioanza kuuzwa 1977. Mchezo huo uliitwa Video Checkers, na aliyeuandikia programu ni mwanamke, Carol Shaw, aliyeajiriwa na Atari mwaka 1978. Kazi yenyewe haikuwa lelemama. Mtambo ule ulikuwa na kumbukumbu ya baiti 128 tu, nafasi isiyotosha hata herufi za aya hii unayoisoma. Humo ndimo mashine ilimopaswa kuukumbuka ubao wote na kupima hatua zijazo.

Kweli, drafti ile ni ya Kimarekani, ambako kingi hupiga hatua moja moja, si kama kingi wa kwetu anayekimbia ubao mzima. Tena mwaka 2007 wataalamu wa Chuo Kikuu cha Alberta, Kanada, walithibitisha kwa kompyuta kwamba wachezaji wawili wasiokosea kabisa katika drafti hiyo watatoka sare. Misikhu wasiokosea hawapo. Watu hukosea, huchekwa, hupanga kete upya, na ndiyo raha yenyewe.

Wengine walidhani natunga. Kuka hakusema neno. Alizirudisha kete zilivyokuwa kabla hajakosea, akaitoa ile ya pembeni. Kijana wa bodaboda akala, kwa kuwa hakuwa na budi. Kuka akala tatu.

"Yule mtoto yuko wapi?" akauliza.

Alikuwa ameshakwenda stendi kuuza njugu.

Wahenga walinena, mwenye macho haambiwi tazama. Basi msomaji, siku ukipita Misikhu, tazama benchi lile. Ukiona karai la njugu limewekwa chini na mwenyewe amekaa ubaoni, niandikie. Nitafurahi sana kuzisikia habari hizo.