Kuzoeza Ampli

Mwaka uliopita tulinunua ampli mbili za Quad II, zile zilizoanza kutengenezwa Uingereza mwaka 1953. Kila moja ina nguvu ya wati 15 tu, nayo hutoa sauti ya upande mmoja. Ndiyo sababu zahitajiwa mbili. Feza ilikuwa ya mabati ya nyumba. Hilo tulimficha mama watoto.

Muuzaji alituagiza: «Zipige saa mia kwanza, ndipo sauti itafunguka.» Basi tukazipiga kila jioni, taa zake zikiwaka nyekundu, chumba kikipata joto kama jiko. Hatukuthubutu kuziwasha bila kuunganisha vipaza sauti, maana hivyo transfoma yaweza kuharibika. Juma la tatu tukashangilia: sauti imelainika!

Mama watoto akasema: «Baba, mimi nasikia ile ile ya siku ya kwanza. Labda masikio yako ndiyo yamezoea.»

Tulinyamaza. Kweli, taa mpya hutulia kidogo baada ya kuwaka saa kadhaa. Lakini saa mia? Tulitaka sana sauti ibadilike, kwa sababu ya bei. Usiku ule tukamwambia habari ya mabati. Hakukasirika, aliuliza tu, yamebaki majuma mangapi kabla ya mvua.