Yashica ya Baba Mdogo

Makambako ya utoto wangu ilikuwa mji wa upepo, vumbi na wapiga picha. Reli ya TAZARA, iliyojengwa kwa msaada wa China kati ya 1970 na 1975, iliufanya kuwa mahali pa kuagana, na watu wanaoagana hutaka picha. Baba mdogo alikuwa na studio ya chumba kimoja na Yashica Mat-124G, ile kamera ya lenzi mbili zilizopandana ambayo mpigaji huishika kifuani na kuitazama kwa juu. Mkanda mmoja ulitoa picha 12 tu za mraba. Kwa hiyo hakupiga ovyo: alingoja mtoto atulie, mama aweke kitenge sawa, ndipo abonyeze.

Kila jioni, kabla ya chakula, aliisafisha. Alianza na brashi laini, kwa sababu vumbi la Makambako lina mchanga, na ukilifuta kwa kitambaa kabla ya kulipeperusha unakwaruza kioo. Kamera ikigoma kabisa aliipeleka kwa fundi saa wa sokoni. Mle ndani, mwendo wa shata, ule mlango wa majani membamba unaofunguka kuingiza mwanga, hupimwa kwa springi na gia ndogo, na fundi yule alizijua gia. Sisi watoto tulikatazwa hata kuupumulia mfuko wake.

Leo kamera hiyo iko kwangu Njombe, kilomita kama 60 kutoka pale ilipofanya kazi. Huku adui si vumbi tena. Njombe iko karibu mita 2,000 juu ya usawa wa bahari. Ukungu unaingia hadi kabatini, na kuvu huota juu ya lenzi kama nyuzi za buibui. Kuvu ikiachwa muda mrefu inatoa asidi inayokula utando wa kioo, na hapo hakuna dawa. Niliyoikuta ilikuwa bado changa. Iliondoka kwa pamba na haidrojeni peroksaidi, ileile ya duka la dawa ya kusafishia vidonda.

Shata ndiyo iliyonichosha. Grisi ya zamani ilikuwa imekauka ikawa gundi, na baridi iliifanya nzito zaidi. Asubuhi ya Julai nilipoiweka kwenye sekunde moja, majani yake yalifunguka na kubaki wazi. Jua la mchana lilipopasha meza, yalijifunga yenyewe. Dawa yake ilikuwa petroli nyepesi ya kujazia viberiti, tone moja kwenye ncha ya kijiti, kisha kufyatua, kufuta, kufyatua tena, mpaka pamba itoke bila weusi. Majani hayatiwi mafuta kamwe. Kioo cha ndani kinachorusha taswira juu hakisuguliwi pia, maana utando wake unaoakisi umepakwa upande wa mbele. Kinapulizwa tu kwa pampu ya mpira.

Haya yote baba mdogo aliyajua, na mengi niliyakusanya vipande vipande baada ya yeye kwenda. Kibanda cha fundi saa sasa kinauza makava ya simu. Kyocera, waliokuwa wakimiliki jina la Yashica, walitangaza kuacha kamera mwaka 2005. Kamera yangu yenyewe inafanya kazi vizuri leo, lakini madukani huku sioni mkanda wa kuiwekea.

Linaloniuma zaidi ni negativu. Studio ilipofungwa, maboksi yake yalitupwa pamoja na karatasi kuukuu, na humo zilikuwamo nyuso za mji mzima: wanafunzi, maharusi, vibarua wa mashamba ya miwati, wasafiri wa treni. Tulitunza chuma tukatupa watu. Zilizobaki ni picha zilizokwenda majumbani, zenye mhuri wa studio mgongoni.

Basi wewe mwenye kamera ya mzee kabatini, itoe kwenye mfuko wa ngozi, kwa kuwa ngozi hushika unyevu na kulea kuvu. Iweke mahali pakavu penye mwanga, na mara moja moja ifyatue kwa kila kasi ili grisi isigande. Negativu zitie kwenye bahasha za karatasi, uandike majina nyuma wakati bado wapo wanaozitambua sura hizo. Mzee akiwa hai, muulize sasa. Na tafadhali, negativu usizichome.