Bei ya Mpunga Uliosimama

Katika bonde la Kilombero mpunga una bei mbili. Ya kwanza ni bei ya mpunga uliokwisha kuvunwa, ukapigwa, ukapepetwa na kutiwa guniani. Bei hii muuzaji huijua na mnunuzi huijua, na wakigombana hugombania lumbesa tu. Ya pili ni bei ya mpunga ungali umesimama shambani, jani bichi, suke halijatoka. Huu huuzwa miezi ya masika, wakati vihenge vya wakulima wa Ifakara, Mngeta na Mlimba vimekwisha kubaki vitupu na mahitaji ya nyumbani hayangoji mavuno. Mwenye fedha hutoa kidogo leo ili achukue magunia mvua zikikatika. Mtu huyo hanunui mpunga, bali ananunua ahadi ya mpunga. Na ahadi hupunguzwa bei kwa sababu mbili: mto unaweza kufurika ukaizoa, na muuzaji ana njaa.

Sababu ya kwanza ina haki yake, kwani anayebeba hatari hastahili kulipa sawa na asiyeibeba. Ya pili ndiyo inayotaka mazungumzo, maana ndiyo hiyo hiyo inayopanga bei ya kijana wa miaka 17 ajuaye kuuchezea mpira.

Biashara ya ahadi haikuzaliwa bondeni. Huko Amerika ya Kaskazini, katika mchezo wa hoki ya barafuni, timu huchagua vijana kwa zamu kila mwaka, na zamu yenyewe huweza kubadilishwa kwa kitu kingine, mithili ya hati ya shamba. Mwaka 1991 timu ya Quebec Nordiques ilimchagua Eric Lindros kuwa kijana wa kwanza. Naye akakataa katakata kuichezea. Mwaka uliofuata timu mbili, moja ya New York na nyingine ya Philadelphia, kila moja ilidai kuwa imekwisha kumpata, hata ikabidi aitwe msuluhishi. Philadelphia ndiyo iliyopewa haki, kwa kutoa wachezaji kadhaa, zamu za kuchagua vijana wa miaka ya mbele, na dola milioni 15 za Marekani. Miongoni mwa waliotolewa alikuwamo Peter Forsberg wa Uswidi, kijana ambaye alikuwa hajacheza hata mechi moja ya ligi hiyo. Lindros alitunukiwa heshima ya mchezaji bora mwaka 1995, lakini kombe la Stanley hakulipata maishani mwake. Timu ya Quebec ilihamia Colorado mwaka 1995, na mwaka 1996 ikalitwaa kombe hilo, Forsberg akiwamo. Ahadi kubwa ilibadilishwa kwa ahadi ndogo, na ile ndogo ndiyo iliyojaza ghala.

Kisa hicho chaonyesha kwamba hata wenye fedha na wajuzi hawawezi kuisoma kesho ya kijana. Lakini chaonyesha jambo jingine pia: kila upande ulijua unatoa nini na unapokea nini. Hakuna aliyeuza kwa njaa.

Soka nalo lina sheria zake. Kwa kanuni za FIFA, mchezaji anayehamishwa kwa ada kutoka nchi moja hadi nyingine kabla mkataba wake haujaisha, asilimia 5 ya ada hiyo hukatwa na kugawiwa klabu zilizomlea tangu msimu wa miaka 12 hadi wa 23. Kila msimu wa miaka 12 hadi 15 una fungu la asilimia 0.25 ya ada. Kila msimu wa 16 hadi 23, asilimia 0.5. Mbwana Samatta, aliyepitia African Lyon na Simba kabla ya kwenda TP Mazembe mwaka 2011 na Genk mwaka 2016, alihamia Aston Villa Januari 2020 kwa ada iliyoripotiwa kuwa takriban pauni milioni 8.5. Kwa hesabu hiyo, msimu mmoja wa malezi ya mtoto wa miaka 13 una thamani ya pauni 21,250. Kwa timu ya mchangani fedha hizo ni uwanja, ni viatu, ni nauli ya miaka mingi.

Ila fungu hilo hulipwa kwa maandishi. Huitazama pasipoti ya mchezaji, yaani orodha ya klabu alizosajiliwa mwaka kwa mwaka, na klabu isiyotambuliwa na chama cha soka haimo katika orodha hiyo. Jasho lisiloandikwa, mbele ya sheria, halikutoka.

Yuko Ifakara mwalimu mmoja wa shule ya msingi ambaye jambo hili limemkaa moyoni. Kwa miaka sita alimlea kijana wa mguu wa kushoto, mtoto wa mjane mkulima wa mpunga. Alimnunulia viatu kwa mshahara wake, akamwuguza malaria, akamsihi asiache shule. Baada ya mashindano ya UMISSETA alikuja mtu kutoka Dar es Salaam, akasema anasaka vipaji kwa niaba ya klabu fulani. Akatoa seti ya jezi na mipira miwili kwa timu, na kwa mama fedha za kununulia mabati. Mwalimu akaomba jambo moja tu: iandikwe barua kwamba kijana amelelewa hapa, tangu mwaka fulani hadi mwaka fulani.

"Kumbe mwalimu nawe unataka kumuuza mtoto wa watu?" akaulizwa, mbele ya mama.

Mwalimu alinyamaza. Na hata angepata jibu, barua ile isingemfaa kitu, kwani timu yake haikuwa imesajiliwa popote. Kijana akapanda treni ya TAZARA siku ya tatu yake.

Swali lile, hata hivyo, linastahili kujibiwa. Kudai kazi yako itajwe si kumuuza mtu. Anayemuuza mtoto ni yule anayemchukua kwa bei ya njaa, akaficha thamani atakayomtajia mnunuzi wa pili. Kanuni za soka zenyewe zimeiona hatari hiyo: zimekataza, isipokuwa kwa hali chache, mchezaji wa chini ya miaka 18 kuhamishiwa nchi nyingine, na zimezuia asifungwe kwa mkataba unaozidi miaka 3.

Na mchezaji mwenyewe je? Wasomaji wa visiwani wanalikumbuka sakata la Feisal Salum, kijana wa Zanzibar, aliyetaka kuvunja mkataba wake na Yanga Desemba 2022 kwa kuilipa klabu. Kamati ya TFF iliamua Januari 2023 kwamba angali mchezaji wa Yanga, na hakuondoka hadi klabu hizo zilipoafikiana Juni mwaka huo akaenda Azam. Kila mtu alikuwa na kauli yake juu ya nani mwenye haki. Lakini tofauti yake na kijana wa Ifakara ni kubwa: Feisal alikuwa na karatasi ya kubishania, na baraza la kumsikiliza.

Limebaki la mama. Sheria yote hii, kwa uzuri wake, hugawa fedha kwa klabu, mzazi hamo. Aliyempikia mtoto, akalima peke yake siku mtoto alipokuwa mazoezini, hana fungu hata la asilimia moja. Mabati yale ndiyo malipo yake yote, na hapana haki ya kumlaumu kwa kuyapokea, kama vile hapana haki ya kumlaumu mkulima auzaye jani bichi watoto wakilia. Linaloweza kufanywa ni kumpunguzia njaa ya wakati wa kuuza: awepo mtu wa kumsomea mkataba kwa lugha anayoielewa, na uwepo muda wa kufikiri kabla ya dole gumba kutiwa wino.

Mwalimu yule sasa ameisajili timu yake katika chama cha soka cha wilaya. Anaandika kila jina, tarehe ya kuzaliwa, msimu wa kuingia na jina la mzazi. Wapo wa mjini, wapo wa Lupiro ng'ambo ya mto, ambao tangu daraja lifunguliwe rasmi mwaka 2018 hawangoji tena pantoni. Msimu huu majina ni 22. La kijana wa mguu wa kushoto halimo. Miaka yake sita haikuandikwa popote.