Bati likitoboka, nani analipa?

Hapa Goma kila mvua ya septemba ikianza, malalamiko yanayofika kwetu redioni yanafanana. Bati limetoboka. Mwenye nyumba anasema, « Tengeneza, wewe ndiye unalala humo. » Mpangaji anajibu, « Nyumba si yangu. » Watoto wanalala kwenye maji.

Mimi pia ni mpangaji, katika nyumba ya mbao. Wakaaji wa Goma tunajua: moshi wa Nyiragongo unaingia katika mvua, na mvua hiyo inakula mabati upesi. Kwa hiyo bati likioza, si kosa la mpangaji. Ni uzee wa nyumba.

Sheria ya nchi yetu inatofautisha mambo haya. Mwenye nyumba anapaswa kutoa nyumba inayofaa kukaliwa na kutengeneza yanayoharibika kwa uzee au kwa nguvu ya asili: paa, kuta, nguzo. Mpangaji anashughulikia madogo ya kila siku na yale aliyoharibu mwenyewe: kioo alichovunja, kufuli aliloharibu, usafi wa choo na wa kiwanja.

Lakini sheria haileti pesa. Paa langu lilipoanza kuvuja, mwenye nyumba, mzee anayeishi kwa kodi hiyo tu, aliniambia: « Mwanangu, sina hata franka ya misumari. » Nilimuamini. Tukapatana: mimi ninunue mabati mawili na kulipa fundi, yeye akate pesa hiyo kwenye kodi ya miezi miwili. Tuliandika kwenye karatasi, tukatia sahihi mbele ya mkubwa wa nyumba kumi, na risiti ninazo mpaka leo. Kama ningekata kodi bila kupatana naye, tungefika kwenye ugomvi.

Jirani yangu hakuweza hivyo. Ni mama aliyekimbia vita huko Rutshuru na watoto wanne. Miezi mingi aliweka sufuria chini ya tundu, akanyamaza. Nilipomuuliza sababu, alisema: « Baba, nikisema atanifukuza. Garanti nyingine nitaitoa wapi? »

Hapo ndipo shida ilipo. Tangu kambi za pembeni ya mji zilipovunjwa februari 2025, familia nyingi zilizobaki mjini zinatafuta nyumba, na anayeogopa kufukuzwa hadai chochote. Mujue hili: sheria namba 15/025 ya tarehe 31 desemba 2015 inasema garanti ya nyumba ya kukaa isipite miezi mitatu. Ukiombwa sita, una haki ya kuuliza kwa nini.

Kabla ya kuingiza mizigo, zungukeni nyumba pamoja na mwenyewe. Angalieni paa, milango, choo. Andikeni kila kilichoharibika, kila mmoja abaki na karatasi yake. Choo nacho mukizungumze siku hiyo, kwa sababu kuchimba shimo jipya katika mawe haya ya volkano si kazi ya siku moja, wala si ya bei ndogo.

Nanyi wenye nyumba, musingoje mpangaji apate ujasiri wa kulalamika. Mvua ikianza, piteni muulize paa likoje. Bati moja leo ni bei ndogo kuliko ukuta wa mbao uliooza kesho.