Kikongwe Asimame Aseme

Miaka ya themanini kijijini kwetu Shinyanga, kwenye mkutano wa hadhara wanaume walikaa mbele juu ya vigoda, akina mama nyuma, chini. Bibi zetu hawakufungua mdomo. Nyumbani walibishana mpaka usiku, mkutanoni waliogopa. Mwanamke aliyepikia samadi kavu maisha yake yote, maana kuni zilikuwa zimeadimika, macho yake yalikuwa mekundu, na kwa macho hayo tu aliitwa mchawi. Akithubutu kubishia mpaka wa shamba na shemeji zake, ramli ilimwangukia. Nyuma ya ramli alikuja mkata mapanga.

Hata kabla ya hapo, mwaka 1977, Ali Hassan Mwinyi alijiuzulu uwaziri wa Mambo ya Ndani, baada ya watu waliokamatwa katika msako wa wauaji wa aina hiyo kufia mikononi mwa dola. Waziri anakumbukwa hadi leo, na ni haki. Nani anayataja majina ya vikongwe? Kisha wakaja sungusungu, walinzi wa jadi wa vijiji. Ng'ombe walipata ulinzi, lakini baadhi ya wanawake walioitwa wachawi walifukuzwa vijijini na sungusungu hao hao.

Siku hizi sheria inataka angalau robo ya halmashauri ya kijiji iwe wanawake. Rais ni mwanamke tangu 2021. Geita nimesikia akina mama wakihoji fidia ya mashamba yaliyomezwa na migodi, nikafurahi kwa dhati. Ila wanaosimama ni wa miaka thelathini, arobaini. Wa sabini wananyamaza vile vile.

Watu wenye ualbino walipoanza kuuawa kwa imani kwamba viungo vyao huleta dhahabu, mwaka 2008 Rais Kikwete alimteua Al-Shaymaa Kwegyir, mwanamke mwenye ualbino, kuwa mbunge. Damu ile ilipata msemaji bungeni. Ya vikongwe haijapata, na naamini sababu ni ardhi. Mwaka 2015 kamati ya Umoja wa Mataifa ilisema Tanzania ilivunja haki za wajane wawili wa Shinyanga, walionyimwa nyumba za waume zao kwa sheria ya mila iliyoandikwa 1963. Panga na mila vilifanya kazi moja: kumng'oa mama shambani. Asiye na shamba atasimama mkutanoni kama nani?

Robo ile ya viti natamani iwe na wazee pia. Nataka kumsikia kikongwe akimpinga mwenyekiti mbele ya kijiji kizima, kisha arudi kwake alale usingizi.