Kosa Halikuwa ku Batri

Mwezi huu nataka kuwaeleza namna Hilux yetu ya mwaka 1984 ilitaka kuvunja jamaa yangu, hapa Likasi.

Ilikuwa mwaka 2019, wakati wa mvua. Asubuhi nikizungusha ufunguo, demarere inafanya tu "tak", kisha kimya. Usiku nikiweka klinyota, fare nazo zinafifia na kuwaka pamoja nayo. Nikasema: batri imekufa. Nikanunua ingine na makuta ya masomo ya batoto. Kisha siku tatu, mambo yale yale.

Basi nikamugeukia mutoto wa mdogo wangu, aliyekuwa akijifunza ufundi kwangu. "Weye njo ulibadilisha batri yangu mupya, ukaiuza." Akalia: "Hapana, baba mukubwa, siliuza kitu." Sikumsikia. Nikamurudisha kwa mama yake, majirani wanaangalia.

Juma moja nyuma, mzee mmoja wa kanisa, fundi wa umeme mu mine miaka mingi, akapita kwetu. Batri hakuigusa. Akaniomba nijaribu kuwasha, kisha akasema: "Gusa hii kablo ya gazi." Ilikuwa moto!

Akanieleza. Umeme ukitoka ku batri, ni lazima urudi ku batri. Mu motokari unarudi kwa kupita mu chuma chenyewe. Hii njo masi. Lakini motere inakaa juu ya mipira, na mpira haupitishi umeme. Kwa hiyo kuna waya nene ya shaba, imesukwa kama nywele, inayounga motere na batri. Waya ile ikioza, umeme unatafuta njia ingine yoyote, hata kablo nyembamba ya gazi.

Akaweka ncha moja ya voltmetri ku mwe ya batri, ingine ku chuma kitupu cha motere. Nikizungusha ufunguo, volti 4. Masi ikiwa nzuri, haipite nusu ya volti. Akachukua kablo ya kuazimisha umeme, akaunga mwe na motere: ikawaka mara moja!

Chini ya buloni tulikuta matope na unga wa kijani; nyuzi zilizobaki hazifike kumi. Tukaweka waya mupya, tukasugua na msasa mpaka chuma king'ae, tukakaza, kisha grisi juu. Na masi ndogo ya fare vilevile. (Sisi batu ya Likasi tunakaa juu ya shaba, na motokari inatukatalia kwa kukosa shaba ya urefu wa mkono!)

Magaribi ile ile nilienda kwa shemeji yangu, nikaomba musamaha, majirani wale wale wanasikia. Mutoto alinyamaza muda murefu. Kisha akauliza: "Na batri ya kwanza, baba mukubwa, iko wapi?"

Ilikuwa nzima. Miye mwenyewe njo niliiuza, bei ya chuma kikuukuu.